Siri ya Ndege na Ulimi wa Balozi

Tarehe 10 Julai 1956 Serikali ya Umoja wa Kisovieti iliikabidhi Serikali ya Marekani hati ya malalamiko. Hati hiyo ilieleza kwamba, katika siku chache zilizotangulia, ndege za Marekani zilikuwa zimeingia katika anga ya Kisovieti bila idhini, zikapenya mbali ndani ya nchi, kisha zikatoka. Jibu lilipelekwa tarehe 19 ya mwezi huohuo. Marekani ilisema kwamba hakuna ndege yake ya kijeshi iliyovuka mpaka huo.

Jibu hilo lilikuwa la kweli kwa maneno na la uongo kwa maana. Ndege zilikuwa zimepita, tena zaidi ya mara moja. Lakini zilikuwa chini ya Shirika la Ujasusi, CIA, si chini ya Jeshi la Anga. Na marubani wake walikuwa wameondolewa katika orodha ya askari na kuandikwa kuwa raia kabla ya kukabidhiwa kazi hiyo. Neno moja, "kijeshi", ndilo lililobeba mzigo wote. Maofisa wa ubalozi waliolipeleka jibu lile, na wengine wengi wa Wizara ya Mambo ya Nje walioulizwa habari zake baadaye, hawakuwa katika idadi ndogo ya watu walioruhusiwa kujua kwa nini neno hilo lilichaguliwa.

Tangu hapo kumezuka swali ambalo vitabu vya historia hulipitia harakaharaka, na vitabu vya sayansi havilitaji kabisa. Serikali yenye mtambo wa siri yapasa imwambie nini mjumbe wake anayesema kwa niaba yake mbele ya mataifa? Wako wanaojibu kwamba asiambiwe lolote, maana asichokijua hawezi kukitoa. Jibu hilo lina nguvu, lakini linachanganya mambo mawili. Kumnyima balozi habari ni jambo moja. Kumpa habari ya uongo, ili aitamke kwa moyo mweupe, ni jambo jingine kabisa, na madhara yake hayaishii kwa balozi.

Ndege yenyewe inastahili kuelezwa, kwa kuwa fizikia yake ndiyo inayoonyesha jinsi siri ile ilivyokuwa dhaifu tangu mwanzo. Rais Eisenhower aliidhinisha mradi huo mwezi Novemba 1954, baada ya kushauriwa na wanasayansi, miongoni mwao James Killian na Edwin Land. Kampuni ya Lockheed, chini ya mhandisi Clarence Johnson, iliiunda na kuirusha kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 1955 katika jangwa la Nevada. Iliitwa U-2. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 24 hivi kutoka ncha hadi ncha, membamba na marefu kama ya ndege zisizo na injini, kwa sababu ilitakiwa kuelea katika kimo cha kilomita 21, ambako hewa ina uzito wa takriban sehemu moja tu katika kumi na sita ya hewa ya pwani. Katika hewa nyepesi kiasi hicho rubani hubanwa pande mbili: akipunguza mwendo kidogo, mabawa hushindwa kuibeba ndege, akiuzidisha kidogo, ndege hutikisika hata kuweza kuvunjika. Tofauti ya mwendo baina ya hatari hizo mbili nyakati nyingine ilikuwa pungufu ya kilomita 20 kwa saa. Kamera iliyobebwa tumboni mwake iliweza kuonyesha vitu vyenye ukubwa usiofika mita moja.

Ndege za kivita za wakati ule hazikuweza kupanda kimo hicho. Hapo wahandisi walikuwa wamehesabu sawasawa. Walikosea katika jambo la rada. Walitumaini kwamba mitambo ya rada ya Kisovieti ingeiona ndege hiyo kwa shida, au isingeiona kabisa, na kwamba ingepita muda mrefu kabla ya kujulikana. Mwalimu wa fizikia anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu ndogo. Umbali ambao kitu kilicho juu kinaweza kuonekana kutoka ardhini, endapo hakuna kizuizi, hukadiriwa kwa kutafuta kipeuo cha pili cha mara mbili ya nusu-kipenyo cha dunia mara kimo cha kitu hicho. Nusu-kipenyo cha dunia ni kilomita 6,370. Ndege iliyo kimo cha kilomita 1 itaanza kuonekana ikiwa umbali wa kilomita 113 hivi. Ile iliyo kimo cha kilomita 21 itaonekana tangu kilomita 517. Kimo kilekile kilichoikinga na wawindaji wake kiliifanya ionekane, kwa rada yenye nguvu ya kutosha, kutoka mbali kuliko ndege yoyote ya kawaida. Ilipopita kwa mara ya kwanza juu ya nchi ya Kisovieti, tarehe 4 Julai 1956, ikitokea Wiesbaden katika Ujerumani Magharibi, ilionekana siku hiyohiyo, na ndege za kivita zikarushwa kuifuata bila mafanikio.

Basi siri ile ilikuwa imefichwa kwa nani? Wakubwa wa Moscow walijua, kwa kuwa waliiona kwenye mitambo yao. Wakubwa wa Washington walijua kwamba Moscow inajua, kwa kuwa malalamiko yalikuwa mezani pao. Pande zote mbili zilikaa kimya mbele ya watu wao, upande mmoja kwa kuogopa aibu ya kukamatwa, na wa pili kwa kuogopa aibu ya kutangaza kwamba haukuwa na uwezo wa kuiangusha ndege iliyopita juu ya miji yake. Wasiojua walikuwa wananchi wa nchi zote mbili, wajumbe wao wengi, na mataifa mengine yote. Hii ndiyo tabia ya siri nyingi za namna hii: adui huwa wa kwanza kuzijua, na ndugu huwa wa mwisho.

Haki itendeke kwa waliouanzisha mradi huo. Picha za U-2 zilikuwa na faida kubwa, tena faida ya amani. Mwaka 1955 na 1956 majenerali na wanasiasa wa Marekani walikuwa wakipiga kelele kwamba Wasovieti wamewazidi kwa ndege za kurusha mabomu ya masafa marefu, na kwamba fedha nyingi zitolewe kuunda nyingine za kushindana nazo. Picha za viwanja vya ndege zilionyesha kwamba ndege hizo za Kisovieti zilikuwa chache kuliko ilivyohofiwa. Rais akaweza kuwakatalia majenerali wake. Aidha, Eisenhower mwenyewe alikuwa amependekeza mjini Geneva, tarehe 21 Julai 1955, kwamba mataifa makubwa yafunguliane anga ili kila moja likague silaha za mwenzake kwa ndege. Pendekezo lilikataliwa. Ndege iliyokuwa karibu kuruka huko Nevada ilikwenda kufanya kwa siri kazi ambayo ilikataliwa kufanywa kwa uwazi. Msomaji anaweza kuona hila katika jambo hilo, na anaweza pia kuona ulazima. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unasema wazi kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga ya nchi yake. Kwa hiyo kisheria safari zile hazikuwa na utetezi.

Kosa kubwa halikuwa kuificha ndege. Lilikuwa kuivika joho la sayansi. Mwezi Mei 1956 NACA, kamati ya taifa iliyoshughulikia utafiti wa usafiri wa anga, ilitangaza kwamba ndege mpya iitwayo U-2 itatumika kuchunguza hali ya hewa ya juu. Mwaka 1958 kamati hiyo iligeuzwa kuwa NASA, shirika la raia ambalo sheria iliyoliunda ilitaka shughuli zake ziwe za amani na kwa manufaa ya wanadamu wote. Shirika hilo jipya lilirithi pia hadithi ile ya zamani.

Hadithi hiyo ilitakiwa kutumika tarehe 1 Mei 1960. Asubuhi ya siku hiyo rubani Francis Gary Powers aliruka kutoka Peshawar, Pakistani, akitarajia kutua Bodø, Norwei, baada ya kuvuka nchi ya Kisovieti yote. Karibu na Sverdlovsk kombora lililipuka jirani na ndege yake. Tarehe 5 Mei Khrushchev alilitangazia Bunge lake kwamba ndege ya Marekani imeangushwa, lakini kwa makusudi hakusema lolote juu ya rubani. Wakubwa wa Washington walidhani amekufa, kwa kuwa waliwahi kuhakikishiwa kwamba mtu hawezi kupona katika ajali ya namna hiyo. NASA ikatoa taarifa ndefu: ndege ya kuchunguza hali ya hewa, iliyotoka Uturuki, imepotea karibu na Ziwa Van baada ya rubani kueleza kwamba ana matatizo ya oksijeni. Siku iliyofuata U-2 iliyopakwa rangi na kutiwa alama za NASA ilionyeshwa kwa waandishi wa habari, na msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, Lincoln White, akatamka kwa mkazo kwamba hakukuwa na nia yoyote ya kuvunja anga ya Kisovieti, wala haijapata kuwapo.

Wakati huohuo, mjini Moscow, Balozi wa Marekani Llewellyn Thompson alikuwa amehudhuria hafla ya kibalozi jioni ya tarehe 5. Huko alipata habari kwamba Naibu Waziri mmoja wa Kisovieti, Jacob Malik, ametokwa na maneno: rubani yu hai na anahojiwa. Thompson alipeleka simu ya maandishi Washington mara moja. Ilifika baada ya taarifa ya NASA kuwa imekwisha kutolewa. Kisa hiki hufaa kufikiriwa sana na wote wanaodhani kwamba balozi ni mdomo tu wa serikali yake. Balozi ni sikio pia. Laiti wale walioshika siri wangemsubiri aliye karibu na tukio, wasingeanguka katika mtego uliotegwa wazi. Lakini katika utaratibu wao habari ilitoka kwa wenye siri kwenda kwa wajumbe. Ya wajumbe haikungojwa.

Tarehe 7 Mei Khrushchev alitangaza kwamba anaye rubani, mzima, na mabaki ya ndege, na filamu. Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa uongo wa pili, kwamba safari kama hiyo labda ilifanyika, ila haikuidhinishwa na wakubwa wa Washington. Siku nne baadaye Rais mwenyewe akabeba dhamana mbele ya waandishi wa habari. Mkutano wa wakuu wa mataifa manne, uliofunguliwa Paris tarehe 16 Mei, ulivunjika.

Wenyeji wa viwanja nao waliona cha mtema kuni. Norwei iliipelekea Marekani malalamiko na kueleza kwamba haikuruhusu uwanja wake kutumiwa na ndege iliyopita juu ya nchi ya jirani. Balozi wa Pakistani mjini Moscow aliambiwa na Khrushchev, mbele ya watu, kwamba Peshawar imetiwa alama katika ramani. Ni vigumu kukisia yaliyopita moyoni mwa balozi huyo. Nchi yake ilikuwa imewekwa mbele ya makombora kwa sababu ya jambo ambalo si kazi yake wala uamuzi wake.

Mtu angetumaini kwamba funzo lingetosha kwa mwaka mmoja. Halikutosha. Tarehe 15 Aprili 1961 ndege nane za aina ya B-26 zilishambulia viwanja vya ndege vya Cuba. Zilikuwa za CIA, zimetoka Nikaragua, na zilikuwa zimepakwa alama za Jeshi la Anga la Cuba ili ionekane kwamba marubani wa Castro wameasi. Ya tisa ilitua Miami, na rubani wake akajidai kuwa mwasi. Katika Umoja wa Mataifa Waziri wa Mambo ya Nje wa Cuba, Raúl Roa, aliishitaki Marekani. Balozi wa Marekani, Adlai Stevenson, mtu aliyeheshimiwa mno na wajumbe wa mataifa machanga, alisimama akiwa na picha ya ndege iliyotua Miami, akawaonyesha wajumbe alama za Cuba zilizo juu yake. Stevenson alikuwa ameelezwa habari za maandalizi kwa maneno ya jumla tu. Hakuambiwa kwamba picha aliyoishika ni ya ndege ya nchi yake mwenyewe.

Uongo huo ulifichuliwa na kitu ambacho mwanafunzi wa karakana angekitambua. B-26 za Cuba zilikuwa na pua ya kioo, ambamo mtupa mabomu hukaa akiangalia chini. Ndege ya Miami ilikuwa na pua ya chuma iliyojaa bunduki. Hazikuwa za namna moja, na waandishi wa habari waliliona hilo upesi. Picha aliyoileta Stevenson kuwa ushahidi ilikuwa na ushahidi dhidi yake mwenyewe. Alikasirika sana alipojua, na alikuwa na haki.

Gharama yake ilikuja kudaiwa tarehe 25 Oktoba 1962. Safari hii Stevenson alikuwa na picha za kweli, zilizopigwa na U-2, za makombora ya Kisovieti yaliyokuwa yakisimikwa Cuba. Dunia ilikuwa ukingoni mwa vita vya nyuklia, na katika Baraza la Usalama walikaa pia wajumbe wa Ghana na wa Jamhuri ya Muungano wa Nchi za Kiarabu, ambao walitakiwa kuamua nani asadikiwe. Balozi wa Kisovieti, Valerian Zorin, hakuchelewa kukumbusha zile picha za mwaka uliotangulia, zilizoletwa na mtu huyohuyo. Safari hiyo picha zilishinda, maana zilikuwa nyingi na wazi mno. Hata hivyo, hatari iliyomo katika dakika zile haikuwa ndogo: ukweli uliohitajiwa kuzuia vita ulikuwa mikononi mwa shahidi aliyekwisha kuharibiwa na serikali yake.

Wala upande wa pili haukuwa bora. Balozi wa Kisovieti mjini Washington, Anatoly Dobrynin, alikuwa amewahakikishia Wamarekani kwamba hakuna silaha za namna hiyo Cuba. Alisema hivyo kwa kuwa Moscow haikumwambia. Habari za makombora ya nchi yake alizipata tarehe 22 Oktoba kutoka kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Desturi hiyo iliendelea. Katika mazungumzo ya kupunguza silaha yaliyoanza Helsinki mwaka 1969, Wamarekani walikuwa wakitaja wazi idadi na sifa za makombora ya Kisovieti. Jenerali Nikolai Ogarkov alimvuta kando mjumbe mmoja wa Marekani akamwomba waache, kwani hapakuwa na sababu ya wajumbe wa kiraia wa upande wa Kisovieti kuyajua mambo hayo. Inachekesha, lakini ni kicheko kichungu: jenerali anamwomba mpinzani amsaidie kuficha siri kwa wenzake wa meza moja.

Hata hivyo mazungumzo hayohayo yalizaa mfano mzuri. Mikataba ya mwaka 1972 ilihitaji kusema jinsi kila upande utakavyohakikisha kwamba mwenzake anatimiza ahadi. Kazi hiyo ilifanywa hasa na satelaiti za kupiga picha, na Marekani haikukiri hadharani kuwa nazo hadi Rais Carter alipofanya hivyo mwezi Oktoba 1978. Wajumbe wakakubaliana kuandika kwamba kila upande utatumia njia zake za kitaifa za kiufundi, na kwamba hakuna atakayezizuia za mwenzake. Maneno hayo hayakutaja satelaiti, kamera wala kimo. Yalificha mengi bila kusema uongo wowote, na balozi yeyote aliweza kuyatamka leo na kuyatetea kesho. Yakilinganishwa na lile neno "kijeshi" la mwaka 1956, tofauti iko katika jambo moja: ukweli ulipojulikana, mmoja wa maneno haya ulisimama na mwingine ukaanguka.

Imebaki hasara iliyoipata sayansi, ambayo kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ina anwani. Katika mwaka uleule wa 1960 Marekani ilikuwa ikitafuta mahali pa kujenga vituo vya kufuatilia chombo cha anga cha mradi wa Mercury, ambacho kingembeba mtu kuizunguka dunia. Kimoja kilijengwa Kano, Nigeria. Kingine kilijengwa kisiwani Unguja, kwa makubaliano na Uingereza iliyokuwa ikitawala. Mwenye vituo alikuwa NASA, jina lilelile lililokuwa limetoka kusomwa magazetini pamoja na Ziwa Van, oksijeni na uchunguzi wa hali ya hewa.

Wazanzibari wengi walikataa kuamini. Kulikuwa na maandamano, na baadhi ya wanasiasa na viongozi wa wafanyakazi walidai kwamba ni kituo cha roketi za kijeshi kitakachowavutia watu wa kisiwa mashambulizi. Maofisa wa Marekani walieleza mara nyingi kwamba ni kituo cha sayansi, kina antena za kupokelea habari na redio za kuzungumza na rubani, basi. Safari hiyo walisema kweli tupu. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, chombo chake kilifuatiliwa kutoka Unguja kilipovuka upande huu wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, serikali mpya ilitaka kituo kiondolewe, na shughuli zake zikahamia Madagaska.